Daraja la Tatu: ngazi ya mwisho ya hoki ya barafu ya vijana

Mashindano ya dunia ya hoki ya barafu kwa vijana wa chini ya miaka 18 yalichezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1999 nchini Ujerumani, na Ufini ikatwaa ubingwa. Msimamizi wake ni Shirikisho la Kimataifa la Hoki ya Barafu, IIHF, lililoasisiwa Paris mwaka 1908 na lenye makao yake Zürich, Uswisi. Timu 10 ndizo hucheza daraja la juu. Nchi nyingine hupangwa chini yake katika madaraja matatu, kila moja likiwa na kundi A na kundi B. Kinara wa kundi hupanda, mshika mkia hushuka. Daraja la Tatu ndilo la mwisho, na humo ndimo Afrika Kusini, mwanachama wa IIHF tangu 1937, imekuwa ikiwapeleka vijana wake.

Kundi kamili lina timu 6. Kila timu hucheza na wenzake wote, mechi 5 ndani ya wiki moja, katika mji mmoja na mara nyingi katika uwanja mmoja. Ushindi ndani ya muda wa kawaida una pointi 3. Mchezo ukienda muda wa nyongeza, mshindi hupata 2 na aliyeshindwa hubaki na 1. Mechi ina vipindi vitatu vya dakika 20. Wachezaji 5 na golikipa huwa uwanjani, wengine hungoja benchi na kupokezana kila baada ya muda mfupi, kwa maana kuteleza kwa kasi ile huchosha haraka mno. Kinachogombewa ni kisahani cha mpira mgumu chenye upana wa sentimita 7.6 na uzito wa gramu 160 hivi. Kwa sababu ya ugumu wake, vijana wa umri huu hulazimika kufunika uso mzima kwa kinga.

Madaraja haya yana sababu yake. Machi 1998, katika mashindano ya vijana ya Asia na Oseania, Korea Kusini iliifunga Thailand mabao 92 kwa 0. Mchezaji mmoja wa Korea alifunga 31 peke yake. Vijana wa Thailand hawakuwa wavivu. Walikuwa wamewekwa mbele ya watu waliolelewa na mchezo ambao wao ndio kwanza walikuwa wakiujifunza, na mechi ya namna hiyo haimfundishi chochote aliyefungwa wala aliyefunga. Katika Daraja la Tatu, anayeanza hukutana na anayeanza mwenzake.

Thailand haikuacha. Mwaka 2017 hoki ya barafu iliingizwa kwa mara ya kwanza katika Michezo ya Asia ya Kusini-Mashariki, Kuala Lumpur. Ufilipino ilichukua dhahabu, Thailand fedha. Nchi hizo ni za joto na minazi kama Mombasa, na zilifika hapo kwa viwanja vya ndani, vingi vikiwa ndani ya majengo ya maduka.

Uwanja wa barafu ni mtambo. Chini ya sakafu ya zege hupita mabomba yenye kimiminika kisichoganda, kilichopozwa na mashine hadi chini ya sifuri. Juu yake maji hunyunyizwa tabaka jembamba baada ya jingine mpaka barafu ifike unene wa sentimita 3 hivi. Kati ya vipindi, gari maalumu hukwangua uso uliochimbika kwa vyuma vya viatu na kumwaga maji ya moto kidogo, yanayoganda na kuulainisha tena. Mashine hazizimwi usiku wala mchana. Basi kikwazo kikubwa cha nchi ya joto ni bili ya umeme, na eneo lenyewe: uwanja wa kimataifa una urefu wa mita 60 na upana wa kati ya mita 26 na 30.

Afrika Mashariki ilipata barafu yake mwaka 2005, hoteli ya Panari ilipofungua uwanja wa kutelezea katika barabara ya Mombasa, Nairobi. Ni mdogo kuliko kipimo cha kimataifa. Timu ya Ice Lions ilizaliwa humo mwaka 2016, na wengi wa wachezaji wake walikuwa tayari mahodari wa viatu vya magurudumu. Mwaka 2018 kampuni ya Tim Hortons iliwapeleka Kanada, wakavaa vifaa kamili na kucheza na timu nyingine kwa mara ya kwanza, huku nyota Sidney Crosby na Nathan MacKinnon wakiingia upande wao. Hadi siku hiyo walikuwa wamecheza wao kwa wao tu. Mwaka 2024 Kenya ilipokelewa IIHF kama mwanachama mshiriki, asiye na kura, ikiungana na Afrika Kusini, Moroko, Algeria na Tunisia.

Kwa wenye uwanja mdogo uliwahi kuwapo mlango mwingine. Michezo ya Olimpiki ya Vijana ya majira ya baridi, Lausanne 2020, ilileta hoki ya watatu kwa watatu, inayochezwa katika sehemu tu ya uwanja. Timu zilichanganya vijana wa nchi mbalimbali, hivyo mchezaji mmoja kutoka nchi isiyo na timu aliweza kushiriki. Kwa ukanda huu, njia hiyo ilielekea kuwa karibu zaidi kuliko kuunda kikosi kizima cha taifa, chenye wachezaji wapatao 20 na magolikipa wasiopungua 2.

Kwingineko katika ukanda huu, Kigali ina BK Arena iliyofunguliwa 2019, yenye nafasi za watu 10,000, lakini sakafu yake ni ya mpira wa kikapu. Muhima, mtaa unaoteremka kutoka katikati ya mji hadi Nyabugogo, huijua barafu inapopiga mabati wakati wa mvua ya mawe. Kinyarwanda huiita urubura, na neno hilohilo hutumika kwa theluji. Kijana wa hapo anayetaka kuikanyaga hupanda basi Nyabugogo, hupita Kampala, na hufika Nairobi baada ya mchana na usiku wa safari.