Ukurasa mmoja hauna bei

"Bosi, ukurasa mmoja mnachapa kwa shilingi ngapi?" Wiki hii nimeulizwa hivyo mara nne. Hilo ni swali la steshenari, mbele ya fotokopi. Kiwandani hatuchapi ukurasa mmoja mmoja.

Mashine yetu ya ofseti hula karatasi kubwa inayobeba kurasa 8 mbele na 8 nyuma. Ikikunjwa mara tatu na kukatwa kingo, ni fungu la kurasa 16. Kila fungu lina pleti zake, yaani mabamba ya kuchapia. Kila pleti zikibadilishwa mashine husimama, wino husawazishwa, na karatasi kadhaa huharibika kabla ya kutoka moja safi. Gharama hiyo iko palepale, fungu liwe limejaa maneno au liwe na kurasa tupu.

Sasa kuna wanaoamini kwamba kukata kurasa chache hushusha bei. Mwandishi mmoja alileta kitabu cha kurasa 159. Alipoona ankara, akaenda kufyeka dibaji na shukrani, akarudi na 153, uso unang'aa. Bei haikusogea hata senti! Kurasa 159 ni mafungu 10. 153 ni mafungu yaleyale 10, na kurasa 7 nyeupe mwishoni. Alichookoa ni wino kiduchu; alichopoteza ni kumshukuru mama yake. Angekata mmoja zaidi, akafika 152, tungemalizia kwa nusu fungu, na nafuu angeiona.

Kinyume chake ni yule wa 160 anayekumbuka jambo usiku: "Ongeza ukurasa mmoja tu, jamani." Huo mmoja hauning'inii hewani. Unahitaji karatasi yake, pleti zake na mkunjo wake.

Basi fanyeni hivi. Hesabuni kurasa zote, pamoja na ukurasa wa jina na zilizo wazi, katika ukubwa wa kitabu chenyewe, si A4 ya kompyuta. Lengeni 96, 112, 128, 144 au 160. Picha za rangi zikusanyeni kwenye fungu moja. Kurasa za kijitabu cha pini zigawanyike kwa 4. Nakala 50? Nendeni mashine ya dijitali, haina pleti. Huko kila ukurasa unaokatwa unapunguza gharama kweli. Nakala 1,000? Ofseti, kwa sababu pleti ni zilezile za nakala 100, ila gharama yake inagawanywa kwa nakala nyingi. Na shukrani ziacheni mahali pake.