Mashine ya mazoezi nyumbani: muangalie atakayeitumia kabla ya kuangalia bei



Ni nadra siku hizi kuingia nyumba ya Pwani usimkute mwenye sukari au presha, na mara nyingi utamkuta mmoja mwenye vyote viwili. Daktari akishamaliza kuandika dawa huongeza neno moja: fanya mazoezi. Ni neno jepesi kulitamka. Mwanamume atavaa raba zake baada ya swala ya Alfajiri aende zake Mama Ngina akatembee na wenzake. Je, mama wa miaka 60 anayekaa gorofa ya tatu Bondeni, mwenye magoti mabovu na asiyetaka kutazamwa na wapita njia, ataenda wapi?

Hapo ndipo watoto wanapochanga pesa, aliyeko Ghuba akatoa fungu kubwa, mashine ikanunuliwa. Wiki ya kwanza kila mtu anaipanda. Mwezi wa tatu imeanikwa leso na taulo, na sukari ya mama iko palepale. Ukitafuta sababu utakuta si uvivu peke yake. Mara nyingi mashine yenyewe haikumfaa aliyenunuliwa.

Kwanza tujue tunatafuta nini. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima afanye mazoezi ya wastani ya dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Kima cha chini ni sawa na nusu saa kwa siku, siku tano. Wastani maana yake pumzi ziende mbio lakini bado uweze kuzungumza. Ukiweza kusoma kasida nzima bila kukatika pumzi, basi ongeza kidogo. Usipoweza kujibu salamu, punguza. Moyo hautambui umepanda mashine gani wala imegharimu kiasi gani. Unachotambua ni kuwa umeushughulisha, na umeurudia kesho. Kwa hivyo mashine bora ni ile ambayo mlengwa ataweza kuipanda peke yake, bila hofu, siku tano kwa wiki. Tuzipime zote kwa kipimo hicho.

Mashine ya kukimbilia

Hii ndiyo inayopendwa na wengi, ile ya mkanda unaozunguka, ambayo wengine huiita tredimili. Uzuri wake ni kwamba kutembea hakufundishwi. Lakini ina masharti mengi kuliko zote.

Inategemea stima. Kwa matumizi si mlaji mkubwa. Kutembea nusu saa kwa kawaida hakutamaliza hata nusu yuniti ya tokeni. Shida ni stima zinapopotea ghafla, mkanda ukasita na aliye juu yake akapepesuka. Kijana atadaka mkono wa mashine, mzee anaweza kuanguka.

Inataka nafasi. Mashine yenyewe ni karibu mita mbili kwa urefu, na nyuma yake pabaki mita nyingine mbili wazi, ili anayeteleza asibanwe ukutani. Nyumba zetu za kale za Lamu na Mji wa Kale vyumba vyake ni vyembamba kwa sababu upana ulifuata urefu wa boriti. Na sakafu ya juu iliyolala juu ya boriti haikujengewa mtu mzima kukimbia juu ya chuma. Ukikaa gorofa za kisasa, jirani wa chini atahesabu kila hatua yako.

Pia ina hatari kwa watoto. Mwaka 2021 kampuni ya Peloton ya Marekani ilitangaza kuzirudisha mashine zake za Tread+ zipatazo 125,000 baada ya mtoto wa miaka sita kufariki na visa vingi vya watu kuumia kuripotiwa. Mashine nyingi za aina hii zina ufunguo wa usalama wenye uzi unaobanwa kwenye nguo. Ukimaliza, uchomoe na uuweke mbali, na waya uutoe kwenye soketi. Akina mama nao watahadhari na dera, leso na buibui. Pindo likimezwa na mkanda, na mtu atavutwa. Faida ya kufanya mazoezi ndani ni kuwa unaweza kuvaa suruali na shati bila kutazamwa na mtu, basi itumieni.

Ukiamua kuinunua, usidanganyike na namba kubwa ya nguvu za farasi iliyobandikwa kwenye mota. Wauzaji wengi hutaja nguvu ya kilele, ile ambayo mota huifikia kwa muda mfupi tu. Uliza nguvu ya kuendelea, inayobebwa mfululizo. Kwa kutembea, farasi mmoja na nusu hadi wawili wanatosha. Kwa kukimbia tafuta wawili na nusu kwenda juu. Chini ya mkanda hupakwa mafuta ya silikoni, kama kitabu chake kinavyoelekeza. Mafuta ya cherehani au ya gari huuharibu mkanda.

Baiskeli ya mazoezi

Kwa nyumba nyingi za Pwani, hili ndilo chaguo langu. Haiendi popote, haimwangushi mtu, na inachukua nafasi ya takriban mita moja kwa nusu mita. Magoti hayabebi uzito wa mwili kwa sababu umekaa. Aina nyingi hazihitaji stima. Kioo chake hutumia betri ndogo, na hata betri ikiisha unaendelea kukanyaga. Bei ya mashine ya kukimbilia ya maana huweza kununua zaidi ya baiskeli moja.

Ziko aina mbili. Ya kwanza ni ya kukaa wima kama baiskeli ya barabarani. Ya pili ina kiti kipana chenye egemeo, na miguu inanyooshwa mbele. Kwa mzee, mtu mnene au mwenye maumivu ya mgongo, hii ya pili ni rehema. Anaingia kama anayekaa kitini, hapandi juu.

Uliza ugumu wake unaletwa na nini. Za bei ya chini hutumia kitambaa kinachosugua gurudumu. Hulia na kitambaa huisha. Za sumaku hazigusani na gurudumu, kwa hivyo hazina kelele na hazilii haraka. Kiti kirekebishwe hadi mguu ukifika chini goti libaki limekunjika kidogo tu. Kiti kikiwa chini mno, goti litauma na baiskeli itasingiziwa.

Mbili zilizobaki

Elipitiko ni ile unayosimama juu ya kanyagio mbili huku mikono ikisukuma na kuvuta. Inashughulisha mwili mzima bila kishindo magotini, na inamfaa mtu wa makamo mwenye nguvu zake. Kumbuka inakuinua juu, basi pima dari kabla ya kulipa. Asiyesimama imara asipewe.

Mashine ya kupiga makasia inashughulisha miguu, mgongo na mikono kwa pamoja. Lakini kiti chake kiko chini sana, na anayekunja mgongo vibaya atajiumiza. Ni ya vijana walio tayari kujifunza.

Chumvi, volti na uzito

Hewa yetu ina chumvi, na chumvi ni adui wa chuma. Usiiweke mashine kwenye roshani au karibu na dirisha linalopokea upepo wa bahari. Ifute jasho na vumbi kila baada ya kuitumia, uifunike shuka. Kama unanunua iliyotumika, hasa iliyotoka kwenye hoteli ya ufukweni, inama uangalie chini yake na kwenye skrubu, kwa sababu kutu hujificha huko.

Zilizoletwa na kontena zitazamwe kibandiko cha umeme. Stima yetu ni volti 240 na hezi 50. Mashine ya Dubai au Uingereza itafanya kazi. Ya Marekani ni volti 120 na hezi 60. Ukiichomeka moja kwa moja utaiunguza. Kisha soma uzito wa juu inaoubeba, uchague inayomzidi mtumiaji kwa angalau kilo 15 au 20.

Kabla ya kutoa pesa

Usiache mbachao kwa msala upitao. Mgonjwa aanze kwa kutembea ukumbini au uani dakika kumi kila siku kwa mwezi mmoja. Akiendelea nao, mashine itamsaidia. Akishindwa, jueni kikwazo si mashine, mkae naye mjue ni nini. Halafu mpelekeni dukani mwenyewe aipande na kushuka mara tatu. Akihitaji kushikwa mkono, hiyo si yake.

Mwenye sukari au moyo azungumze na daktari wake kwanza. Wanaotumia insulini au baadhi ya vidonge wanaweza kushukwa na sukari wakiwa mazoezini, basi kitu kitamu kiwe karibu. Wakague nyayo zao kila wamalizapo. Maumivu ya kifua au kizunguzungu ni amri ya kusimama na kutafuta msaada. Wakati wa joto la kaskazi, washeni feni, maji yawe kando, na mazoezi yawe asubuhi mapema au baada ya Isha. Ramadhani, wengi huona wepesi baada ya tarawehe.

Na mashine ikishafika, isifichwe stoo. Iwekeni pale mama anapokaa kusikiliza mawaidha au kutazama taarifa ya habari. Nusu saa itapita akiwa anasikiliza.

Wabillahi tawfiq.