Badilisha ‘achore’ iwe ‘aonyeshe’: Barua kwa mwalimu tarajali mwenzangu

Kama unasomea ualimu, iwe kozi uliiomba mwenyewe au KUCCPS ndiyo iliyokutupa humo, piga hesabu hii kabla hujaenda TP. Kipindi cha Gredi ya 4 ni dakika 35. Katika shule za umma za mitaa yetu, darasa la wanafunzi 60 si ajabu hata kidogo. Ukigawa sawasawa, kila mtoto anapata sekunde 35 zako. Na hapo hujaita majina wala kufuta ubao.

Sasa ongeza hii: mmoja kati yao haoni ubao vizuri. Mwingine anasikia nusu tu ya unachosema, hasa ukiwa umewapa mgongo ukiandika. Wa tatu jibu analo lakini kigugumizi humkaba kila anaposimama. Wa nne herufi humchezea machoni, kwa hivyo wenzake washaamua kuwa ni mjinga, na pengine mwalimu aliyekutangulia alikubaliana nao. Hakuna hata mmoja mwenye kiti cha magurudumu wala fimbo nyeupe. Ukiulizwa kama darasa lako lina mtoto mwenye mahitaji maalum, utajibu haraka: hapana.

Wengi wetu tukisikia elimu jumuishi tunawaza njia laini ya kupitisha kiti cha magurudumu, na vyoo vipana. Vinahitajika, sibishi. Lakini mtoto anaweza kupita mlangoni bila shida kisha akakaa ndani miaka sita bila kufikiwa na somo.

Mtaala wa umilisi, hii CBC tunayobishania kwenye matatu, unakupa nafasi ambayo walimu waliotufundisha hawakuwa nayo. Chini ya 8-4-4, mfumo ulioanza 1985, kila kitu kilielekea kwenye karatasi moja ya mtihani wa mwisho. CBC inakutaka umpime mtoto mwaka mzima, kwa anachoweza kufanya: amezidisha matarajio, amefikia, anakaribia au yuko chini. Na kwa watoto ambao hawawezi kufuata gredi za kawaida, kuna njia ya kusonga kwa hatua badala ya umri.

Tuseme unafundisha sehemu za mmea. Kwenye andalio la somo umenakili: “Kufikia mwisho wa kipindi, mwanafunzi achore mmea na kutaja sehemu zake.” Hapo hapo, kwa neno “achore”, umemfungia nje asiyeona. Kwa “kutaja” umemfungia nje kiziwi na mwenye kigugumizi. Ilhali ulichotaka kujua ni kama wanaufahamu mmea, si kama ni wachoraji.

Andika “aonyeshe”. Basi. Asiyeona ang’olewe mchicha nyuma ya darasa, aupapase, akuguse mkono akikuonyesha mzizi ni upi na shina ni lipi. Kiziwi akuonyeshe kwa ishara. Mwenye kigugumizi abandike vijikaratasi vyenye majina. Wengine wote wachore kama kawaida. Hujatumia hata shilingi, na hujamshushia mtu kiwango. Mimi huona kitenzi hicho kimoja kina kazi kubwa kuliko semina nyingi tunazopelekwa kunywa chai.

Ukweli usemwe lakini: kitenzi hakiwezi kupunguza wanafunzi 60 kuwa 30. Ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata elimu iliyojumuishwa katika jamii, kadiri inavyolingana na maslahi yake, na haki ya kutumia lugha ya ishara na Breli. Anayedaiwa hapo kwanza ni serikali. Mwalimu akiachiwa mzigo huo peke yake, atachagua wale wanaoshika haraka. Usimlaumu sana, sekunde ni 35.

Kuna jambo lingine ambalo wapenzi wa elimu jumuishi hawapendi kuligusa. Kiziwi akiwekwa katika darasa ambalo hakuna hata mtu mmoja anayejua Lugha ya Ishara ya Kenya, huyo hajajumuishwa. Amewekwa upweke tu. Lugha hiyo ni rasmi katika Bunge letu, na KNEC huitahini kwa watahiniwa viziwi badala ya Kiswahili. Kwa mtoto kama huyo, shule maalum yenye wenzake wa kuongea nao inaweza kuwa na heri kuliko shule ya jirani ambako kazi yake ni kutazama midomo. Kwa hivyo ukisikia mtu anataka shule maalum zote zifungwe, muulize kwanza walimu wa ishara watatoka wapi. Na wewe ukiwa bado chuoni una wakati: jifunze ishara hata mia moja. Tunajifunza densi za TikTok kwa jioni moja, si ndiyo?

Halafu kuna maneno ya kumwambia mzazi. “Mtoto wako hashiki, mpeleke shule ya wale wengine” ni sentensi inayoweza kumweka mtoto nyumbani maisha yake yote. Kenya ina vituo vya kuwapima watoto na kuwaelekeza tangu 1984, na Taasisi ya Elimu Maalum, KISE, iliyoanzishwa 1986, iko Kasarani. Wakati mwingine shida ni macho tu, na dawa ni miwani na dawati la mbele.

Kwa hivyo wiki yako ya kwanza ya TP, kabla hujaanza kuhangaikia mhadhiri atakuja lini, muulize mwalimu mkuu kituo cha kupima watoto kilicho karibu kiko wapi. Akikosa jibu, fika ofisi ya elimu ya kaunti ndogo uulize huko. Andika namba ya simu ya kituo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lako la maandalio, juu ya ratiba.