Bingwa wa Kasi Hapatikani kwa Mtihani Mmoja

Mafundi mia wa vinyago pale Mwenge, Dar es Salaam, kila mmoja na gogo lake, watatoa vinyago mia kwa muda wa kuchonga kimoja. Wape wote gogo moja, watagongana viwiko. Kompyuta kuu nazo zina kikwazo hicho: kasi yake hutokana na maelfu ya prosesa zinazogawana hesabu, lakini si kila hesabu inagawika.

Tangu 1993, kila Juni na Novemba hutoka orodha ya TOP500, inayopanga mashine hizi kwa mtihani uitwao Linpack: kutatua mfumo mkubwa mno wa milinganyo. Fugaku ya Japani ilishika namba moja mwaka 2020. Mwaka 2022 Frontier ya Marekani ikaipiku, ikiwa ya kwanza katika orodha hiyo kuvuka hesabu bilioni moja mara bilioni moja kwa sekunde. Novemba 2024, El Capitan ya California ikaipita Frontier.

Ushindani huu una heri. Programu za mtihani hutolewa bure, na yeyote mwenye mashine anaweza kujipima. Jack Dongarra, mmoja wa waasisi wa Linpack, alishirikiana na wenzake kuandaa mtihani mwingine, HPCG, unaopima pia wepesi wa kuchota data kutoka kwenye kumbukumbu. Hapo Fugaku ilipata chini ya asilimia 4 ya kasi yake ya Linpack, na bado ikabaki kileleni miaka kadhaa baada ya Frontier kuipokonya taji.

Utabiri wa hali ya hewa unafanana zaidi na mtihani huo wa pili. Anga hugawanywa katika visanduku, na kila hatua ya hesabu huhitaji habari za upepo na joto kutoka visanduku jirani. Prosesa kali inayosubiri data haisaidii kitu, na utabiri wa masika ukichelewa, mvua haingoji.

Hapa Tanzania, mjini Arusha, Taasisi ya Nelson Mandela ilipata kompyuta ya PARAM Kilimanjaro kutoka India, nchi iliyoanza kuunda mashine zake baada ya Marekani kukataa kuiuzia ilizozitaka miaka ya 1980. Vyuo vyetu vinavyopanga kununua nyingine vianze na swali vinalotaka kulijibu, liwe mafuriko ya Msimbazi au vinasaba vya malaria, kisha vipime mashine kwa hesabu ya swali hilo hilo kabla ya kulipa.