Shingo ya kubeba ndoo haitoshi: Jinsi ya kusimama kwa kichwa kwenye yoga bila kuumia

Kama umekulia milima ya Upare, huenda umebeba ndoo ya lita 20 kichwani tangu utotoni, au mzigo wa tangawizi kutoka shambani Mamba Miamba. Sasa unakutana na video ya mtu wa yoga amesimama kwa kichwa, miguu juu, anatabasamu. Unajiambia: shingo yangu ni ngumu, hii naiweza.

Subiri kwanza.

Tofauti iko wapi?

Maji ya ndoo hiyo yana uzito wa kilo 20. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2015 ulipima watu wenye uzoefu wa yoga wakisimama kwa kichwa. Kichwa kilifikia kubeba asilimia 40 hadi 48 ya uzito wa mwili. Kwa mtu wa kilo 60, hizo ni kilo 24 hadi 29.

Halafu kuna suala la kuyumba. Ukiyumba na ndoo, unaiachia inaanguka. Ukisimama kwa kichwa, mzigo ni wewe mwenyewe. Ukiyumba, shingo inapinda huku bado imebeba. Ngata au mto mnene hausaidii, unaongeza kuyumba tu.

Jiandae hivi

1. Pasha mwili joto dakika 10. Asubuhi ya Julai kule Chome kuna baridi, na misuli iliyokaza huumia haraka.

2. Anza na mabega. Piga magoti, weka viwiko chini kwa upana wa mabega, kisha nyanyua makalio juu. Kichwa kisiguse sakafu. Kama huwezi kukaa hivyo kwa pumzi 10, bado hujafika hatua ya kusimama kwa kichwa.

3. Tumia ukuta na mtu wa kukusimamia, ikiwezekana mwalimu. Video haioni unapokosea.

4. Usirushe miguu. Ipandishe taratibu, huku mikono ikisukuma sakafu ili shingo isibebe peke yake.

5. Ukisikia maumivu ya shingo, ganzi au kizunguzungu, shuka hapo hapo. Usijikaze.

Miguu ya mlimani nayo?

Kupanda na kushuka milima kunakupa nguvu za miguu, lakini nguvu siyo ulaini. Ukilazimisha kupiga msamba siku ya kwanza, unaweza kuchana msuli wa nyuma ya paja, na huo huchukua wiki nyingi kupona. Unapoinama kushika vidole vya miguu, kunja magoti kidogo. Kuvutika kwa misuli ni sawa, maumivu makali siyo sawa.

Nani asijaribu?

Kama una presha ya kupanda, presha ya macho, mifupa dhaifu au uliwahi kuumia shingo, achana na kusimama kwa kichwa mpaka daktari akuruhusu. Mjamzito naye asianze sasa.

Mtu akianguka

Hapa ndipo umbali unapouma. Kutoka vijiji vya juu hadi Same mjini ni barabara ya makona, na KCMC iko Moshi, takriban kilomita 100 kutoka Same.

Aliyeanguka akilalamika shingo, au mikono na miguu imekufa ganzi, usimkalishe wala kumvuta kichwa. Mwache alale alivyo, shikilia kichwa kisitikisike, tafuta msaada wa wahudumu wa afya. Usimpakie kwenye bodaboda. Shingo iliyovunjika ikitikiswa, mtu anaweza kupooza.

Na kama unachotaka ni kupumzisha miguu baada ya kutoka shamba, lala chali, nyoosha miguu juu ukutani kwa dakika tano. Nayo ni yoga, na shingo haibebi chochote.