Dhima Inayozama na Kontena

Katika jahazi, wanaopanga shehena ndio wanaosafiri nayo. Wakiifunga vibaya na chombo kikaenda mrama, hatari ni yao. Kontena limekata uhusiano huo. Hupakiwa ghalani, pengine mamia ya kilomita kutoka gatini, likapigwa lakiri. Nahodha hupokea sanduku asilolifungua, pamoja na hati inayosema kilichomo ni kwa maelezo ya mpakiaji.

Tuanze na nguvu zenyewe. Mwongozo wa kimataifa wa upakiaji wa makontena wa mwaka 2014 unahesabu kwamba, katika bahari chafu kabisa, mzigo husukumwa ubavuni kwa nguvu inayofikia asilimia 80 ya uzito wake. Ukuta wa ubavu wa kontena la kawaida hujaribiwa kwa asilimia 60 ya mzigo wa juu unaoruhusiwa, tena mzigo ukiwa umeenea ukuta mzima. Roli ya bamba la chuma, kwa mfano, haienei. Inagonga mahali pamoja. Shaba ya Katanga inayopitia Dar es Salaam ni mzigo wa aina hiyo: mzito mno, unafunika sakafu tu na juu kubaki kutupu. Mikanda ikilegea, ukuta hutoboka. Fremu ikipinda, nguzo za pembe hushindwa kubeba makontena ya juu. Safu huanguka na kuing'oa ya jirani. Hapo madhara yanahama kutoka kwenye mzigo kwenda kwenye meli: vifuniko vya matumbo, reli, mabomba ya sitahani.

Nani alipe? Kanuni za Hague za 1924 na zile za Hamburg za 1978 (hizi za Hamburg ndizo ambazo Kenya, Tanzania, Uganda na Burundi zimejiunga nazo) zinakubaliana hapa: mpakiaji hawajibiki kwa madhara ya meli isipokuwa yametokana na kosa au uzembe wake au wa watu wake. Shehena hatari ina sheria kali zaidi. Katika shauri la Giannis NK la mwaka 1998, lililohusu mashudu ya karanga yenye wadudu kutoka Senegal, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliamua kuwa mpakiaji anawajibika hata kama hakuijua hatari hiyo. Roli ya chuma iliyofungwa ovyo kwa kawaida haimo katika kundi hilo, hivyo mwenye meli lazima athibitishe kosa.

Athibitishe kwa ushahidi gani? Januari 2019, MSC Zoe ilipoteza makontena 342 kaskazini mwa visiwa vya Uholanzi. Wachunguzi walieleza mienendo ya meli yenyewe: kuyumba kwa nguvu, kukaribia kugusa sakafu ya bahari kwenye kina kifupi, mawimbi kupiga shehena. Mbele ya maelezo ya namna hiyo, mpakiaji yeyote anayedaiwa ana jibu tayari, na kontena ambalo lingemkana liko chini ya maji.

Mara chache ushahidi huokolewa, na haufariji. Baada ya MSC Napoli kuharibika mwaka 2007, yalipimwa makontena yapatayo 660 ya sitahani. Uzito wa 137 ulitofautiana na ule ulioandikwa kwa zaidi ya tani 3. Moja lilitofautiana kwa tani 20. Udhaifu wa bodi ndio uliokuwa kiini cha ajali ile, na ni haki kulisema hilo. Hata hivyo, karatasi ya kontena moja kati ya matano haikuwa ya kuaminika.

Tangu Julai 2016 uzito lazima uthibitishwe kabla ya kupakia. Ila mizani haioni mikanda, na mwongozo wa 2014 hauna nguvu ya sheria mpaka nchi iupe. Hata kosa likithibitika, anayetajwa kwenye hati mara nyingi ni wakala, huku aliyekaza mikanda ni kibarua wa ghala asiyetajwa popote. Hasara huishia kwa bima ya mwenye meli, kisha hurudi kama nauli inayolipwa na wote, aliyefunga vizuri na aliyefunga vibaya kwa kiwango kilekile. Kwa hesabu hiyo, uzembe ni njia ya kupunguza gharama.

Tangu 1 Januari 2026 nahodha anatakiwa kutoa taarifa ya makontena yaliyopotea baharini. Yaliyobomoka na kubaki melini hayamo katika hesabu hiyo.