Lubaga: Mapadri waliopita njia ya wafanyabiashara

MFANYABIASHARA anayeingia Kampala kutoka Dar es Salaam, Nairobi au Kigali huwahi Kikuubo au Owino, akanunua na kuuza, kisha akageuza. Magharibi ya jiji, juu ya kilima cha Lubaga, kuna kanisa kuu la Wakatoliki lenye minara miwili. Walioanzisha kazi hiyo walifika Buganda wakifuata njia ya misafara ya biashara.

Mwaka 1878 Mapadri Weupe, shirika lililoanzishwa Algiers na Askofu Mkuu Charles Lavigerie, walishuka Zanzibar. Walitafuta wapagazi, wakaondoka Bagamoyo, wakapita Tabora hadi kusini mwa Ziwa Victoria. Padri Simeon Lourdel na Bruda Amans walitangulia kuvuka ziwa kwa mtumbwi na kufika karibu na Entebbe tarehe 17 Februari 1879. Waganda walimwita Lourdel “Mapeera”, jina lililotokana na Kifaransa cha “baba yangu”.

Katika kasri la Kabaka Mutesa, Kiswahili kilikwisha kufika, kikiwa kimeletwa na wafanyabiashara wa pwani. Lourdel alijieleza hivyo hivyo, akichanganya Kiswahili, Kiarabu, Kiganda na Kifaransa.

Mtihani mkubwa ulikuja mwishoni mwa mwaka 1882. Mapadri waliona hali si salama, wakaondoka na kwenda Bukumbi, karibu na Mwanza. Kwa karibu miaka mitatu Buganda haikuwa na padri hata mmoja. Lakini waumini waliendelea kufundishana wenyewe kwa wenyewe. Kasrini, kijana Joseph Mukasa Balikuddembe aliwaongoza wenzake. Mapadri waliporudi mwaka 1885, walikuta jumuiya imekua. Mwaka huo huo, Novemba, Balikuddembe aliuawa kwa amri ya Kabaka Mwanga.

Baadaye kilima cha Lubaga kilipata hospitali, iliyoanzishwa na Masista Weupe mwaka 1899, na kanisa kuu lililojengwa kati ya 1914 na 1925. Leo hospitali hiyo iko chini ya Jimbo Kuu la Kampala, na ndani ya kanisa amezikwa Askofu Mkuu Joseph Kiwanuka, Mganda. Kazi ya wageni ilipata wenyewe.

Siku hizi safari za kujitolea ni fupi. Vikundi vya makanisa huvuka Mutukula, Busia na Malaba kwa wiki moja au mbili, na mara nyingi wafanyabiashara ndio wanaochangia nauli. Nia njema peke yake haitoshi. Mwaka 2019 huko Jinja, Mmarekani aliyekuja kwa wito wa dini, asiye na mafunzo ya udaktari, alishtakiwa mahakamani na akina mama waliofiwa na watoto waliopitia kituo chake cha lishe. Kesi ilimalizwa kwa maelewano mwaka 2020, bila yeye kukiri kosa.

Kwa hiyo, kabla hujatoa mchango, uliza kama unavyouliza kabla ya kununua mzigo. Nani ameomba msaada huu, mwenyeji au kiongozi wa msafara? Anayekwenda kutibu, je, ameruhusiwa na baraza la taaluma yake nchini Uganda? Dawa zilizobebwa zina kibali cha Mamlaka ya Dawa ya nchi hiyo? Forodhani, zawadi nayo ni mzigo: isipokuwa na karatasi zake, italala mpakani kama shehena nyingine yoyote.

Kama kazi yenyewe ni kupaka rangi ukuta, piga hesabu. Nauli na malazi ya watu ishirini vinaweza kumlipa fundi wa hapo hapo Kampala, akabaki na chenji ya kununua rangi.

Swali la mwisho ni lile lililoikuta Buganda mwaka 1882: wageni wakishaondoka, nani ataendelea na kazi? Kiongozi wa msafara akishindwa kumtaja mtu huyo, fedha zako zisubiri kwanza.